Tuliomba mtoto mchanga, tumepigiwa simu ya ndugu wawili

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, ndoa yangu ina miaka 12. Mtoto hatujajaliwa. Hospitali tumezunguka, dawa nimekunywa, na mimba 2 zilizoshika ziliharibika. Tulipochoka tukakubaliana na mume wangu tuasili mtoto kupitia ustawi wa jamii, kwa njia iliyonyooka, tusije tukajikuta tumelea mtoto aliyeibwa kwa watu.

Hatua zote tumepita. Tumehojiwa pamoja na mmoja mmoja, tumepimwa afya, tumeleta wadhamini na vyeti vya polisi, nyumba imekaguliwa mpaka tukaona aibu. Mafunzo tumehudhuria. Kwenye fomu tuliandika tunataka mtoto asiyezidi mwaka 1, wa kike au wa kiume sawa tu. Tukaambiwa tumekubaliwa, tusubiri. Tumesubiri zaidi ya miaka 2.

Wiki iliyopita afisa wetu akapiga simu. Mtoto mchanga hana. Ana ndugu wawili, mvulana wa miaka 7 na dada yake wa miaka 2 na nusu, wako makao ya watoto. Waliondolewa kwa mama yao kwa sababu ya kutelekezwa; baba hajulikani alipo. Mahakama ilimpa mama masharti, mengine katimiza, mengi bado, na kesi ya kuamua kama atapoteza haki zake za uzazi haijaisha. Afisa anataka tuwachukue kwanza kama walezi wa muda. Mahakama ikiamua wasirudi, sisi ndio tutakaofikiriwa kwanza kuwaasili. Hakuahidi kitu.

Tulikwenda kuwaona. Yule mdogo alinipanda mapajani kana kwamba ananijua, akalala palepale. Kaka yake alisimama mlangoni muda wote. Tulipoaga ndipo akauliza, "Mkituchukua ni mpaka lini?" Mume wangu alikosa jibu, na mimi vilevile. Tukitoka, mlezi mmoja akaninong'oneza kwamba kijana anakojoa kitandani, anaficha chakula chini ya mto, na akikasirika anapiga.

Mama, tangu siku hiyo usingizi sina. Mume wangu anasema tumchukue binti peke yake, maana hatakumbuka lolote, na kaka atapata watu wengine. Anasema pia hawezi kumzoea mtoto halafu hakimu amwambie amrudishe. Mama mkwe anasema damu nzito kuliko maji, mtoto mkubwa atatafuta kwao tu. Kama tumeng'ang'ania, basi tuchukue mdogo, tumbadilishe jina, tuhame, asijue kamwe. Shemeji naye kaleta la dini, kwamba sisi Waislamu hatuwezi kumpa mtoto wa mtu ubini wetu.

Yule mdogo nimempenda. Mkubwa, nisiwe mnafiki, ananitisha. Tumchukue mmoja? Tusubiri mchanga? Tukikataa, afisa atatufuta kwenye orodha? Na tukiwachukua kisha warudishwe kwa mama yao, nitaishije?

Wako,
Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako ni mengi, lakini kwanza turudi kwenye yale mapaja. Mtoto wa umri huo anayempanda mtu asiyemjua na kulala papo hapo hajakuchagua wewe. Mtoto mwenye mtu wake anayemtegemea akiona sura ngeni hujificha nyuma ya huyo mtu, huchungulia, huchukua muda. Aliyekosa mtu wake hujifunza kumwendea yeyote. Wanaofanya kazi na watoto waliotelekezwa wanaijua dalili hiyo vizuri, na haiwafurahishi. Sisemi binti ana kasoro, huenda alikuwa amechoka tu. Nasema usisome mapenzi mahali ambapo hayajapata muda wa kuota.

Sasa mtazame kaka yake. Kasimama mbali, kawapima, kanyamaza, kisha kauliza swali ambalo hata wakili angeanza nalo. Wewe umemwona wa kutisha. Mimi katika barua yako nimeona mtoto mwenye akili timamu, aliyekwisha kuhamishwa bila kuulizwa, na ambaye safari hii anataka kujua masharti. Sijui kati ya hao wawili ni yupi atakayekuwa na kazi kubwa zaidi, na wewe hujui. Kwa hiyo usiamue kwa hisia za mara moja mlizopata pale makao.

Kumchukua binti peke yake: hapana. Hapa sitazunguka. Katika nyumba ambayo mtu mzima hayupo, au yupo lakini hajiwezi, mara nyingi mtoto mkubwa ndiye huwa mama wa mdogo. Muulize afisa ni nani aliyekuwa akimlisha binti kabla hawajaondolewa. Naogopa utasikia ni yule yule anayeficha chakula chini ya mto, na huenda chakula kile hakifichi kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Mwenzio anasema binti hatakumbuka. Ni kweli, hatakumbuka kwa maneno. Lakini kumwondolea mtoto wa miaka 2 mtu pekee aliyekuwa naye kila mahali ni kumpa msiba ambao hataweza hata kuusimulia. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unasema ndugu wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari ya wazi au sababu nyingine inayowafaa wao wenyewe. Matakwa ya mlezi hayamo. Afisa mzuri atawakatalia. Na akitokea mbaya akakubali, siku binti huyo akiwa na miaka 15 atawauliza kaka yake yuko wapi, nanyi mtakuwa mnajua kwamba mlimwona kwa macho yenu mkamwacha.

Basi swali linalobaki ni wawili au hakuna.

"Hakuna" ni jibu halali, na usilionee haya. Afisa hamfuti mtu aliyesema kwa uaminifu kwamba hawezi. Anayemtia hofu ni yule anayekubali kwa aibu au kwa huruma ya ghafla, kisha baada ya miezi michache anapiga simu akisema njoo uwachukue. Mtoto aliyerudishwa hivyo hujiona yeye ndiye mwenye walakini, na familia itakayofuata hulipa deni hilo. Heri mkatae leo.

Ila msikatae kwa sababu mnangoja mchanga mkidhani ndiye asiye na mzigo. Elewa jinsi mfumo wa serikali unavyofanya kazi. Hapo hatafutwi mtoto wa kuwapa watu wasio na mtoto. Hutafutwa watu wa kumpa mtoto asiye na nyumba, na kwanza huangaliwa kama nyumba yake mwenyewe inaweza kutengenezeka. Mama hupewa nafasi. Akishindwa, hutafutwa bibi, shangazi, mjomba. Hao wakikosekana ndipo wageni kama ninyi mnaitwa. Njia hiyo ikifika mwisho, aliyeingia akiwa na miezi 3 mara nyingi anatembea na kuongea. Ndiyo maana foleni ya wanaotaka wachanga ni ndefu, na watoto wa umri wa kwenda shule, hasa wenye ndugu, ndio wanaokaa. Tena mchanga naye haji mtupu: mimba aliyokulia huenda ilikuwa ya pombe, ya njaa, ya vipigo, na athari zake pengine zisionekane mpaka aanze shule.

Tuje kwenye hofu kubwa, ya kurudishwa. Siwezi kukuondolea. Lengo la kwanza la afisa na la mahakama ni watoto warudi kwa mama yao ikiwa patakuwa salama, na ukikubali kuwa mlezi wa muda umekubali kusaidia lengo hilo, pamoja na kwamba moyo wako unataka kinyume chake. Ni hali ngumu kuliko mafunzo yanavyokiri. Lakini mashaka haya lazima mtu ayabebe. Hamkuyaleta ninyi, yapo mkikubali na yapo mkikataa. Mkikataa, wanayabeba watoto: watakaa makao hadi kesi iishe, kisha wahamie kwa walezi, kisha pengine kwa wengine. Utaratibu wa kumweka mtoto kwa familia iliyo tayari kumwasili mambo yakishindikana uliwekwa ili mtoto ahame mara chache iwezekanavyo, na mtu mzima ndiye avumilie kutojua. Mimi naona huo ni mgawanyo wa haki. Mwenye miaka 39 na mume pembeni ana mahali pa kulilia. Mwenye miaka 7 hana.

Na wakirudi kweli, hamtakuwa mmepoteza muda. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Nusu yao wakapelekwa kwa kura kwenye familia za walezi. Waliopelekwa walikua vizuri kuliko waliobaki, kiakili na katika uwezo wa kushikamana na mtu, hasa waliotoka kabla ya kutimiza takriban miaka 2. Usije ukasoma hapo kwamba kijana amechelewa. Wale walikuwa taasisi tangu uchanga. Huyu kaishi na mama, hata kama alikuwa mama aliyeshindwa, na anavyomlinda dada yake kwa macho inaonyesha kushikamana na mtu anakujua. Miezi ya kulala pasipo hofu na kula kila siku anaondoka nayo, popote aendako.

Mwenzio anaposema hawezi kumzoea mtoto halafu amrudishe, msikilize vizuri. Mimba zile 2 ziliharibika tumboni mwako, lakini hata yeye alipoteza watoto, na nashuku hakuna aliyekwenda kumpa pole. Huenda anazungumzia hao. Msimkokote. Mtafute mshauri wa familia mkae naye wote wawili kabla ya kumjibu afisa. Na wewe pia jiulize kama bado unatafuta yule mtoto aliyeharibika. Watoto hawa hawawezi kuja kuziba nafasi yake. Wakipewa kazi hiyo watashindwa, nanyi mtawalaumu.

Kuhusu mambo uliyonong'onezwa, mimi hayanishtui hata kidogo, ila nimekasirika kidogo kwamba umeyasikia mlangoni kwa mnong'ono badala ya kuyakuta kwenye faili. Kukojoa kitandani, kuficha chakula na kupiga ni mambo ya kawaida kabisa kwa mtoto aliyepitia hayo. Chakula usikifungie kabati. Mpe chombo chake chenye kifuniko, akiweke chumbani, kisikose kitu ndani, na usimhesabie. Siku moja, baada ya miezi, utakuta hakijaguswa. Kitanda kiwekee plastiki chini ya shuka, na shuka za akiba ziwe karibu. Badilisha usiku bila hotuba wala kumtania asubuhi mbele ya watu. Mpeleke kwa daktari pia, kwani wakati mwingine kuna sababu ya mwili. Akipiga, shika mkono wake, sema maneno machache, kaa karibu. Usimfungie peke yake, na fimbo isiingie kabisa. Mifumo mingi ya ustawi wa jamii hairuhusu kumchapa mtoto aliye chini ya ulezi, na hata ingeruhusu, mtoto aliyekwisha kupigwa hajifunzi kitu kwa kupigwa tena.

Jambo moja ambalo watu hawaliambiani: wiki za mwanzo atakuwa mtoto mwema mno. Atasema asante, ataosha vyombo, mtajiuliza yule mlezi alikuwa anamzungumzia nani. Huo ni ugeni. Ukiisha ndipo atakapoanza kuwajaribu, pengine kwa kishindo, na watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani mambo yameharibika. Mara nyingi ni kinyume: ameanza kuamini kidogo, kwa hiyo anataka kujua kama mtamrudisha. Na wewe kama mapenzi hayajaja, usijilazimishe wala usijichukie. Mlishe, mwamshe, mpeleke shule, simama naye akikosea. Wapo wazazi wa kuasili wazuri kabisa ambao mapenzi yaliwafika yakiwa yamechelewa.

Swali lake linataka jibu, na jibu la kweli mnalo. Mkiamua kuwachukua, mwambieni: "Ni mpaka mahakama itakapoamua, na hatujui itaamua nini. Mkiwa kwetu mtakuwa pamoja, wewe na dada yako. Tutakachokijua, tutakuambia." Msimwahidi milele ambayo haiko mikononi mwenu. Muulizeni kwanza afisa ameshamwambia nini, ili maneno yasigongane.

La mama mkwe nalikataa moja kwa moja, kwa heshima zote. Ametaja methali ya damu. Ipo na nyingine, kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Lakini tuache methali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana na ya kuhifadhiwa utambulisho wake, jina likiwemo. Hata bila mkataba, siri hii haifichiki. Majirani wameona huna mimba, shemeji anajua, mama mkwe mwenyewe siku akikasirika atatamka. Mtoto akiambiwa na mzazi wake tangu mdogo huikuza habari hiyo pamoja na mwili wake. Akiisikia barazani akiwa na miaka 17, hatawauliza kuhusu damu, atawauliza ni uongo gani mwingine mlimwambia. Anza daftari la maisha yao: picha, jina la mama, walikozaliwa, makao waliyokaa, nani aliwapenda huko. Omba karatasi na picha hizo sasa hivi. Watumishi huhamishwa na mafaili hupotea. Na mama yao msimseme vibaya. Kijana atasikia, naye ni mtoto wa huyo huyo.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Uislamu unakataza kumbadilishia mtoto ubini, haukatazi kumlea. Upo utaratibu wa kafala: unamlea, unamsomesha, unamtunza kama wako, naye anabaki na ukoo wake. Mkataba ule wa 1989, kifungu cha 20, unaitaja kafala kwa jina miongoni mwa njia za malezi. Hatarithi kama mtoto wa kuzaa, lakini mnaweza kumwachia kwa wasia hadi theluthi ya mali. La mipaka ya mahram (yaani nani ni ndugu wa karibu asiyeweza kuoana nawe, na nani si hivyo) watoto wakikua, muulizeni mwanachuoni mnayemwamini. La nguvu ya kafala mahakamani, muulizeni mwanasheria, kwa sababu nchi hazifanani na amri ya kuasili huenda ikawa na matokeo msiyoyataka.

Kabla hamjatoa jibu, kaeni na afisa na faili likiwa mezani. Watoto wamehamishwa mara ngapi na kwa nini? Ndugu wa mama na wa baba wametafutwa, au kuna shangazi atakayejitokeza mwaka kesho? Mama anawatembelea, na wakitoka kumwona huwaje? Daktari amewaona, mkubwa yuko darasa gani, kuna tuhuma ya jambo zaidi ya kutelekezwa? Tarehe ya mahakama ni lini, na ninyi mtaruhusiwa kusikilizwa? Mambo yakiwa magumu saa 6 usiku, tumpigie nani? Hili la mwisho afisa akibabaika, ng'ang'anieni, maana msaada baada ya watoto kufika ndio unaokosekana mara nyingi. Kisha ombeni kuwaona tena mara kadhaa, na ikiruhusiwa wakae kwenu siku 2 au 3, kabla ya kusema ndiyo.

Mkikubali, nunua daftari jingine la kwako. Andika tarehe na ulichokiona: kalala vipi, kala nini, kasema nini baada ya kumwona mama. Usiandike maoni yako juu ya mama. Hakimu na afisa wataamini zaidi maelezo ya namna hiyo kuliko machozi, hata uamuzi ukiwa ni kurudi nyumbani. Na mama mkwe mwambie kwa upole asije wiki ya kwanza, wala wale wageni wengine wa kuja kuona. Watoto hawa wameshaonwa na watu wengi sana.

Mkikataa, mpigie afisa mwenyewe, wiki hii, umwambie wazi na umweleze sababu zenu. Kisha mkarekebishe ile fomu, muandike umri na idadi ya watoto mnayoiweza kweli.

Mama Mshauri